Namna ya Kuchunguza Kama Lara Croft Amegeuka Adui

Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua stelingi hafi. Ila kuharibika tabia anaweza, tena mwenye pedi ya gemu asijue. Ubishi wa kama Lara Croft, stelingi wa gemu za Tomb Raider, amegeuka adui ukizuka kijijini Mpapura baada ya malipo ya korosho, vijana wakiwa na hela ya kukodi dakika, usigombane na mtu. Fuata hatua hizi.

1. Hakikisha ni yeye. Kwenye Tomb Raider: Underworld ya mwaka 2008, jumba la Lara linachomwa moto na rafiki yake Alister anauawa na mwanamke mwenye sura ile ile. Huyo ni Lara bandia, kazi ya Natla, adui yake. Shitaka la kwanza lifutwe.

2. Tazama anavyoishi na wazee. Winston, mtumishi wake, humfuata nyumba nzima na sinia la chai, vikombe vikigongana. Wachezaji wa Tomb Raider II ya mwaka 1997 walimvutia kwenye chumba cha barafu wakamfungia humo. Mzee wa kupewa shikamoo! Utetezi: Lara habonyezi vitufe. Kabla ya kumhukumu, muulize mpwa wako.

3. Hesabu waliokufa. Katika gemu ya kwanza ya mwaka 1996 aliua mbwamwitu, dubu, hata dinosaria. Wale wa Tendaguru, hapo jirani zetu Lindi, walijifia wenyewe zamani mno. Hakuna aliyewapiga risasi, na bado kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walihamisha takriban tani 250 za mifupa yao. Wapagazi wetu waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja amesimama Berlin mpaka leo, kimo zaidi ya mita 13. Kwa hiyo bastola si kipimo. Kagua mkoba.

4. Kagua mkoba. Mwaka 2018, kwenye Shadow of the Tomb Raider, Lara anang'oa kisu kitakatifu huko Meksiko ili adui asikipate, na mafuriko yanauvamia mji. Nia njema, bila shaka. Kila anayebeba mali ya kale husema asingechukua yeye, angechukua mwingine. Sasa mpime kwa lipiko, kinyago cha Wamakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Kilinunuliwa na jumba la makumbusho la Geneva, kikarudishwa mwaka 2010. Miaka 26! Jiulize: Lara angekikuta, angekiacha?

5. Usimwite mwenye banda kuwa shahidi. Kwake Lara ni binti mwema ilimradi dakika zimelipiwa.

6. Toa hukumu. Lara hajageuka. Tangu 1996 kazi yake ni moja: kuingia kwenye makaburi ya watu na kutoka na kitu. Tuliogeuka ni sisi. Tulikuwa tukimshangilia huku tumeshika pedi, hatukufikiri kwamba tunatoka upande wa wenye makaburi.

Adhabu yake iwe nyepesi, maana bado tunampenda. Atakayetengeneza gemu ijayo ampe kazi ya kurudisha vitu, aanzie Berlin. Ramani haitahitajika: mzigo una mita 13, na wenyewe tuko Kusini, tunausubiri.