Shikamoo Mzee, Vua Mkanda

Sina ugomvi na kukaguliwa. Ugomvi wangu ni kukaguliwa mbele ya mkwe. Kwetu Bukene, mkwe akikutana nami njiani hunipisha, akila kwangu macho hayatoki kwenye sahani, na habari za suruali hazijapata kuzungumzwa baina yetu. Safari hii alikuja kunichukua nikawaone wajukuu huko Muscat, na pale kwenye kiwanja cha ndege akawa nyuma yangu kwenye foleni. Binti wa usalama, umri wa mjukuu wangu, akanisalimu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Vua mkanda."

Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Suruali ile ni ya mnadani, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ameshiba kuliko mimi. Nikapita langoni nimeishikilia kwa mkono mmoja. Mashine ikalia. Nikarudishwa, nikavua saa. Ikalia tena. Viatu! Soksi ya kushoto ina dirisha. Mkwe akaanza kusoma dari.

Viatu hivyo tunavuliwa kwa kosa la Mwingereza mmoja, Richard Reid, aliyejaribu kulipua ndege Desemba 2001 kwa vilipuzi alivyoficha kiatuni. Marufuku ya vimiminika nayo ni matokeo ya njama iliyogunduliwa London mwaka 2006: ukienda nje ya nchi, chombo cha mkononi kisizidi mililita 100. Sijasikia Mnyamwezi hata mmoja akitajwa katika njama hizo, lakini asali yangu ya Tabora, lita nzima, ikaitwa kimiminika. Nikaeleza kwamba asali hii imeganda, hata ukiipindua chupa haitoki. "Mzee, ni utaratibu." Ikabaki mezani.

Matobolwa yangu yakapitishwa mara mbili, maana kwenye skrini zao chakula na vilipuzi vyote huonekana rangi ya machungwa. Akaitwa mkubwa wao. Akanusa moja, akauliza, "Mzee, hii inaliwa?" Kumbe mtu anaweza kukabidhiwa ulinzi wa nchi na hajui viazi vikavu!

Hapo nikaikumbuka Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya 1977 inaniahidi heshima na hifadhi ya nafsi yangu na maisha yangu binafsi. Wakenya katika yao ya 2010, ibara ya 31, wametaja waziwazi haki ya kutopekuliwa na ya kutochukuliwa mali. Nadhani aliyeandika alikuwa na asali. Tatizo ni kwamba ukifungua kurasa unafika ibara ya 30, na hapo unaambiwa haki zako zisizuie sheria zinazolinda usalama wa umma. Mkanda wangu umo humo.

Wamarekani wanakataza upekuzi usio na sababu tangu 1791, katika marekebisho ya nne ya Katiba yao. Hata hivyo, abiria mmoja wa Honolulu alipoona upekuzi umekolea, akasema basi, hasafiri tena. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba ukishaanza kukaguliwa huna ruhusa ya kughairi. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema nirudishiwe asali yangu nirudi Bukene. Nikaufunga.

Babu zetu waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo walidaiwa hongo na watemi njia nzima. Ilikuwa kero, ila mliketi mkapatana: vitambaa vingapi, shanga kiasi gani. Mtemi Mirambo alipochukia mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji kabisa, watu wakarudi makwao na nguo zao zimekaa sawasawa.

Sasa nasikia kipande cha reli mpya, Tabora hadi Isaka, kinajengwa pande zetu, na kwenye stesheni za reli hiyo kule Dar es Salaam mizigo hupitishwa kwenye mashine. Treni yetu ya zamani hupandwa na gunia, mtoto na jogoo bila maswali. Mke wangu ameshaanza kuuliza kuku mzima huonekana rangi gani.