Namna ya Kuziba Ufa Kila Mwaka

Hongera kwa kujenga. Fuata mwongozo huu na nyumba hiyohiyo itakula hela zako maisha yote bila kuongezeka hata chumba kimoja.

Kwanza, nunua kiwanja wakati wa kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga unaoota pamba na mpunga, wakati huo ni mkavu na mgumu. Ukikuta ardhi imepasuka mpaka fimbo inazama, usiulize. Udongo huo hunywa mvua ukavimba, jua likiwaka ukasinyaa, na ukuta hupanda na kushuka nao. Anayetaka kuchimba shimo la kupima udongo anakutafutia gharama tu.

Pili, msingi. Fundi akisema futi mbili zinatosha, zinatosha. Si yeye atakayelala humo. Kifusi kimwagwe chote kwa mkupuo, kikanyagwe na saidia fundi mwembamba kuliko wote. Kushindilia tabaka moja moja za sentimita 15 ni mambo ya watu wa barabara. Jamvi ulimwagie maji siku ya kwanza, basi. Siku 7 ni kumaliza madumu bure.

Tatu, usiweke gata. Maji ya paa zima yaangukie mguuni mwa ukuta, na shimo la maji machafu lichimbwe jirani na kona ya chumba.

Nne, pokea ufa. Utaanzia kwenye kona ya dirisha, ushuke mshazari ukifuata maungio ya tofali, ngazi kwa ngazi, na mlango utagoma kufunga. Mwite fundi lipu. Atachokonoa kwa mwiko, atajaza simenti na mchanga, atapaka rangi, atalipwa. Mvua zijazo ufa utatokea kando ya kiraka, na namba yake ya simu unayo. Usije ukagandisha kipande cha kioo juu ya ufa na kuandika tarehe: kioo kikipasuka utajua ukuta bado unatembea, na rangi mpya haitakupendeza tena.

Sakafu ikibonyea, ongeza zege juu. Uzito utaisaidia kushuka.

Tano, ukishauriwa kuuongezea msingi kina, chimbua upande mzima siku moja. Wanaochimba kipande cha mita moja, wakaruka kingine, wakamwaga zege na kusubiri likomae ndipo waendelee, wanatafuta posho.

Asiyeutaka mwongozo huu aanze na maji: aweke gata, achimbe mfereji wa kuyapeleka mbali na ukuta, azibe bomba linalovuja. Kisha amwite mhandisi atazame udongo kabla fundi rangi hajaitwa. Vijiufa vya lipu visivyopanuka havina neno. Ufa unaoingiza kidole si kazi ya mwiko.