Sufuria na Kopo la Siagi ya Njugu

Wageni wanaokuja kujitolea Nyeri, Karatina au Nanyuki huilalamikia githeri kwa mambo mawili: haina ladha, na huliwa kila siku. La kwanza ni la ulimi wa mtu, tuliache. La pili linadai hoja, nayo ilijadiliwa katika jiko moja la Ruring'u, mjini Nyeri, mgeni aliyepanga hapo alipokwenda kufundisha lishe bora.

KOPO: Shosho, mimi nimevushwa bahari ndani ya begi, katikati ya soksi, kwa sababu huku chakula ni kimoja. Jumatatu mahindi na maharagwe, Jumanne maharagwe na mahindi. Watu hawa wafunzwe kuchanganya vyakula. Juzi bosi wangu aliikaanga githeri yako kwa vitunguu, nyanya na dania, akaipiga picha, akawatumia kwao. Amegundua chakula!

SUFURIA: Amegundua kinachouzwa kila kibanda cha stendi. Na kuchanganya unakokudai ndiyo githeri yenyewe: mahindi yana upungufu wa lisini, maharagwe yanaujaza. Huenda anayafundisha hayo kwa chati, kisha anarudi hapa kukulamba kwa kijiko akiwa amesimama. Ukitaka kujua kwa nini ni kila siku, uulize moto. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, Nanyuki hata kabla ya hapo, na maharagwe makavu hayakubali kuharakishwa. Mpishi akishateketeza makaa ya saa kadhaa, kupika ya mlo mmoja ni hasara. Anajaza sufuria: leo ya kuchemsha, kesho ya kukaanga, kesho kutwa inapondwa na waru na majani ya malenge, inakuwa mukimo. Nyinyi mnahesabu aina za nafaka, makaa hamyahesabu.

KOPO: Na mboga? Kila siku sukuma!

SUFURIA: Karatina ilikausha mboga za kulisha wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na soko lake leo hujaza malori. Mboga zipo, kijana. Swali ni nani anabaki na pesa ya kuzinunua baada ya makaa.

KOPO: Kwa hivyo wenyeji wanaipenda githeri, sisi ndio wenye kasoro?

SUFURIA: Nenda shule yoyote ya bweni ukaulize! Hapo ndipo mnapoteleza mara ya pili. Mgeni akiacha kuidharau huanza kuitukuza, eti chakula cha mababu. Mahindi, maharagwe, waru, hata njugu zilizomo tumboni mwako, asili yake ni Amerika. Mwenyeji wa kweli hapa ni njahi, yaani fiwi, na wakoloni waliisukuma kando kwa kutaka maharagwe ya kuuza ng'ambo. Kuichoka githeri ni haki ya kila mtu. Ila mwanafunzi akiichoka hulaumu bajeti ya shule. Mgeni akiichoka huandika mradi wa kuwaelimisha wanaoila.

KOPO: Maneno makali hayo, shosho. Na mimi nimebaki robo tu. Nikiisha nitarudishwa kwetu?

SUFURIA: Nani atupe kopo zuri lenye kifuniko? Chumvi imeshapata nyumba kwenye mkebe wa kahawa wa mgeni aliyetangulia. Wewe utatiwa njahi.