Fundi, Shona Ndogo, Nitapungua

Fundi cherehani ana maadui watatu: mteja anayeleta kitambaa cha yadi tatu akitaka gauni la yadi tano, mteja anayebeba nguo leo kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi gani, na mteja aliye dayati. Wawili wa mwanzo nimeshawazoea na dawa yao ninayo. Huyu wa tatu ndiye atakayenifungisha ofisi.

Kisa huanza na sare. Kamati ya sherehe ikishatangaza rangi ya kitenge, akina mama wanamiminika na doti zao kwapani. Natoa futi, nazungusha kiunoni, naandika 40.

"Fundi, hapo andika 34."

"Dada yangu, futi inasema 40."

"Hiyo ni ya leo. Sherehe ni mwezi ujao. Wewe shona ndogo, nitapungua."

Mimi nimejifunza kukata na kushona, ramli sikujifunza. Nikishona 34 na mwili ukabaki 40, lawama ni za fundi. Nikishona 40 na mwili ukashuka, gauni litaning'inia mabegani, lawama ni za fundi. Na akipungua juu akabaki vilevile chini, maana mwili haufuati mchoro wa mshono, basi Magomeni nzima itaambiwa kwamba mkono wa fundi yule siku hizi umeharibika.

Ukimuuliza atapunguaje, anakuonyesha simu. Humo mna kundi la WhatsApp, kundi lina kocha, kocha ana orodha. Asubuhi yai moja la kuchemsha na maji ya ndimu. Mchana tango. Jioni yai jingine, na nusu ya parachichi ikiwa siku hiyo umekuwa mtu mwema. Ugali marufuku, wali marufuku, chapati usiiote hata usingizini. Kocha kasomea wapi, hakuna ajuaye. Kinachojulikana ni namba yake ya kutumia ada. Mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, ambaye wali maharage wake ndio unaosomesha watoto, siku hizi ananitazama kwa jicho baya, kana kwamba orodha ile nimeitunga mimi.

Siku ya kujaribu nguo mteja anaingia ameinua kichwa: kilo nne zimeondoka! Nampongeza, namvisha, namwomba apande juu ya kigoda nipime upindo. Anapanda.

"Fundi, mbona nyumba inazunguka?"

Hiyo anayoiita nyumba ni fremu ya matofali, na haijawahi kuzunguka tangu ijengwe. Kabla sijamjibu ameshadaka pazia la kubadilishia nguo, na pazia, fimbo yake na mteja wote wako sakafuni.

Mtaani kwetu kizunguzungu kina tafsiri tatu: mimba, jini na presha. Njaa haimo. Wasichana wa saluni ya jirani walifika wa kwanza, wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Bibi mmoja aliyekuja kuchukua baibui lake akasema huyo kapandwa na mtu wa baharini, leteni ubani. Muuza chipsi akaja mbio na soda. Mgonjwa, bado yuko chini, macho hayajafunguka yote mawili, akauliza kama soda hiyo ina sukari.

Ninaye mteja mmoja muuguzi, namshonea sare zake za kazi, na hupenda kukaa kwenye benchi akingoja vifungo. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Mwili, aliniambia, huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na akiba hiyo haikai kavu: kila gramu moja inakaa na maji yapata gramu tatu. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanakwenda nayo. Wakati huohuo homoni ya insulini inashuka, na figo zinaanza kumwaga chumvi na maji zaidi kwenye mkojo. Ujazo wa damu unapungua. Ukiwa umekaa huoni neno. Ukiinuka haraka, presha inaporomoka, ubongo unapata damu kidogo kwa muda mfupi, na ndipo fremu za watu zinapoanza kuzunguka.

"Na zile kilo nne?" nikamuuliza.

"Nyingi ni maji. Akianza tu kula pilau yake, hizo zimerudi."

Nikaelewa kumbe kwa nini gauni lililofungika bila shida siku ya sendoff linagoma zipu siku ya harusi, wiki moja baadaye. Na mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku kuulizwa kwa nini natumia zipu za bei rahisi!

Fundi humsogelea mtu karibu kuliko yeyote asiye mumewe wala daktari wake, kwa hiyo nayaona mengi nisiyolipwa kuyaona. Chukua suala la harufu. Kuna kipindi kila mteja niliyempima kifua alikuwa ananukia dawa ya kufutia rangi ya kucha, na macho yote yakaelekea saluni ya jirani. Muuguzi akawasafisha wale wasichana. Mwili ukikosa wanga na kuanza kuchoma mafuta kwa wingi, alisema, hutengeneza vitu vinavyoitwa ketoni, na mojawapo ni asetoni, ileile iliyomo kwenye dawa ya kucha. Inatoka kwa pumzi. Kwa hiyo mtu anapuliza asetoni usoni kwangu, kisha analalamika kuwa ofisi yangu haina hewa.

Chukua suala la baridi. Dar es Salaam, Februari, mimi nina taulo shingoni, na mteja ananiomba nizime feni kwa sababu anatetemeka. Mwili usiolishwa unabana matumizi, na joto ni matumizi. Chukua hasira. Nimetukanwa kwa sababu ya kifungo, kifungo kimoja, na mama ambaye miezi mitatu kabla alikuwa akiniletea vitumbua. Choo nacho kinafunga, maana tango peke yake haliwezi kufanya kazi ya dengu na mchicha. Wapo wanaoninong'oneza kwamba hata siku zao za mwezi zimekatika, na bado hawaoni kuwa mwili umetuma barua ya malalamiko.

Nywele ndizo zenye subira. Mtu akijikondesha kwa kasi hazidondoki siku hiyo. Kwa kawaida hungoja miezi miwili au mitatu, sherehe imepita, picha zimesambazwa, pongezi zimepokewa, ndipo zinapoanza kubaki kwenye kitana. Hapo mteja anahama kwangu anahamia jirani kununua wigi. Saluni ile haijawahi kulalamika juu ya dayati.

Halafu kuna madhehebu ya sanamaki. Bibi zetu waliijua sanamaki, wakaitumia kwa tumbo lililofunga, siku moja, basi. Leo imetiwa kwenye boksi lenye picha ya kiuno chembamba na inanywewa kila usiku. Inachofanya ni kukimbiza utumbo. Kinachotoka ni maji na madini kama potasiamu, ambayo moyo na misuli inayahitaji; mafuta yako palepale yanakusubiri. Mteja wa sanamaki nashindwa hata kumpima. Kila nikifika nyonga anaomba ufunguo wa choo.

Nikilalamika naambiwa, fundi, hayo ni maneno ya watu walegevu, mwili unazoea. Basi sikilizeni habari za wasio walegevu. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema, wote wamejitolea, ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu waliokumbwa na njaa ya Vita Kuu ya Pili. Kwa miezi sita walilishwa chakula cha nusu njaa, wastani wa kalori kama 1,570 kwa siku. Vijana wale walipata kizunguzungu, wakasikia baridi wakati wengine wanatokwa jasho, wakadondosha nywele, wakawa wakali. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kwa hamu. Sasa muuguzi wangu aliijumlisha ile orodha ya kocha, mayai, tango na nusu parachichi ya mtu mwema. Haikufika kalori 500. Njaa ya maabara ilikuwa na ukarimu mara tatu kuliko ya WhatsApp!

Na msidhani kukata wanga kumegunduliwa juzi. Mwaka 1863, mjini London, mfanyabiashara wa mambo ya mazishi aitwaye William Banting alichapisha kijitabu kuhusu unene wake. Alikuwa amefika mahali hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Daktari wake akamwachisha mkate, sukari, viazi na bia. Lakini alikula milo minne kwa siku, yenye nyama na samaki, na akateremshia na mvinyo. Alipungua kilo 20 hivi, na ilimchukua kama mwaka mzima. Wateja wangu wanataka za Banting kwa wiki nne, tena kwa tango. Hata hiyo keto inayotajwa kwenye kila kikao cha kamati ilipendekezwa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Wanakamati hawakutajwa.

Najua mtaniuliza: mbona watu wanafunga Ramadhani na wanakwenda kazini? Wanafunga, ndiyo, na kuna daku kabla na futari baada. Mgonjwa ana ruhusa, msafiri ana ruhusa, mjamzito ana ruhusa. Kocha wa simuni hana futari wala ruhusa. Hakuulizi kama unatumia vidonge vya presha, ambavyo pamoja na upungufu huo wa maji na chumvi vinaweza kukulaza chini zaidi. Hakuulizi kama unachoma insulini au unameza dawa za kisukari, na dawa hizo bila chakula zinaweza kushusha sukari mpaka mtu akapoteza fahamu. Anachouliza ni kama umeshatuma ada.

Sisemi watu wabaki na vitambi. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye daktari alimwambia sukari imeanza kupanda, apunguze uzito. Hakujiunga na kundi lolote. Alipunguza ugali, akaongeza mboga, akaacha soda ya kila mchana, na akawa anateremka daladala kituo kimoja kabla ya kwake ili atembee. Nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine hakuna, nyingine kilo. Kila baada ya muda analeta magauni yake nayabana pembeni kidogo, analipa, anaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Huyo ndiye mteja aliyepungua kuliko wote niliowahi kuwapima, na hakuna aliyemwona akipungua, kwa hiyo hakuna aliyemwomba orodha.

Basi nimebandika masharti ukutani, nayarudia hapa kwa faida ya wasiopita Magomeni. Napima mwili ulioingia nao mlangoni, sipimi unaotarajiwa. Ndani ya mshono naacha akiba ya inchi moja kila upande, bila malipo. Kufumua na kubana kunalipiwa. Anayetumia dawa za presha au kisukari aniambie daktari wake kasema nini kabla hajanisimulia kocha kasema nini. Anayeona kizunguzungu akae chini, anywe maji, ale. Na kikijirudia aende kituo cha afya akapimwe, asiende kwa bibi mwenye ubani. Siku ya kujaribu nguo, njoo umekula.

Gauni likikubana nalifumua kwa nusu saa. Ukijikondesha mbio mpaka nyongo ikaota mawe, na kasi ya namna hiyo huyaleta, usinitafute: hilo linafumuliwa hospitalini, na bei yake si ya fundi cherehani.