Namna ya Kutolipia Programu ya Mashine Yako Mpaka Ikugharimu

Kanuni ya kwanza: usiwaze programu kabla ya mashine. Nunua mashine ya CNC kwanza. Lipia chuma, reli, stepa mota tatu, mota ya kichwa inayopozwa kwa maji, meli kutoka China, ushuru wa bandarini na kirikuu cha kuifikisha uani. Hela zikishaisha zote, ndipo ugundue kwamba kuna kitu kinaitwa programu ya kuiendesha, na kwamba wenyewe wanataka dola 200. Hapo sasa ukasirike. Dola 200 kwa kitu kisichoshikika! Mtu aliyemwaga mamilioni bila kupepesa macho, ili achonge jina la mwanawe kwenye kibao cha mninga, ana haki kabisa ya kuanza ubahili hapa.

Kanuni ya pili ni ya mahesabu. Chukua karatasi, upande mmoja andika bei ya leseni, upande wa pili andika sifuri. Hiyo sifuri ndiyo thamani ya jioni zako. Jumamosi nazo ni sifuri, na bando unalomaliza kumtazama mzee wa Kimarekani akizungumza na kamera ndani ya gereji yake ni sifuri vilevile. Ukiandika namba nyingine yoyote hesabu itaharibika, na utajikuta umelipa kabla kalamu haijakauka.

Baada ya hapo angalia una mashine gani, ingawa wengi huiruka hatua hii. Kama ni ile ndogo iitwayo 3018, yenye eneo la kuchonga la milimita 300 kwa 180, basi ubongo umo ndani tayari. Ni GRBL, programu aliyoianzisha Mnorwe Simen Svale Skogsrud mwaka 2009 na kuiachia dunia bure. Iliandikwa itoshe kwenye chipu ya Arduino Uno yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, ndogo kuliko picha ya "asubuhi njema" uliyotumiwa leo kwenye kundi la ukoo. Humo inasoma msimbo wa G, yaani mistari ya amri za mashine, inapanga mwendo, inapunguza kasi kwenye kona na kuzipa mota mapigo hadi 30,000 kwa sekunde. Kompyuta yako kazi yake ni kuilisha mistari tu. Walishaji wa bure wapo: Universal Gcode Sender, Candle, gSender. Anayekutaka ulipie mwingine anakuuzia sura nzuri zaidi ya kutazama kazi ileile ikifanyika. Lipa kama umependa rangi zake, lakini usijidanganye kwamba mkato utanyooka.

Mkato hunyooka kwa njia zisizo na leseni. Stepa mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Dereva wake akizigawa kwa 16 unapata 3,200. Skrubu ikisogea milimita 4 kwa mzunguko, milimita moja ni hatua 800. Namba hiyo unaiandika kwenye mpangilio wa GRBL uitwao $100, ambao si dola. Kisha unaiamuru mashine isogee milimita 100, unapima kwa kalipa, unakuta 99 na nukta kadhaa, unaanza kulaani programu ya bure. Nati ya skrubu inayocheza inakusikia na kunyamaza.

Hadithi inabadilika kwa mashine kubwa kidogo, zile za 6040 zinazokuja na waya wa pini 25 wa kuchomeka kwenye tundu la printa. Kisanduku chake hakina akili. Mapigo yote yanatoka kwenye kompyuta, na mfalme wa huko kwa miaka mingi alikuwa Mach3, leseni dola 175. Tatizo ni kwamba Windows ni mpiga ngoma anayepokea simu katikati ya wimbo. Mach3 inalazimisha mdundo kwa dereva wake maalumu, na dereva huyo wa tundu la printa hakubali Windows ya biti 64. Kwa hiyo, ili ufaidi programu uliyokataa kuilipia, itabidi uende Kariakoo kununua kompyuta ambayo muuzaji mwenyewe anaona aibu kuiuza.

"Bosi, hiyo ya nini? Chukua Core i5 hii, nakupa bei ya asubuhi."

"Nataka yenye tundu la printa, kaka."

"Printa siku hizi ni USB."

"Sina printa."

Hapo muuzaji atamwita mwenzake aje akuone.

Toleo la majaribio la Mach3 ni la bure, ila linapokea mistari 500 tu. Mistari 500 inatosha duara, mstatili na jina fupi. Ukiitwa Ali unaweza kuishi bila kulipa mpaka uzeeni; Mwanaidi mwenye nakshi pembeni ajiandae. Ua la kuchongwa kwa kina, kama yale ya milango ya Mji Mkongwe, linaweza kula mistari makumi kwa maelfu. Bila shaka unaweza kulikatakata faili lako katika vipande vya mistari 499 na kuvipakia kimoja kimoja usiku kucha. Kila kipande kitaanza mahali pake, isipokuwa kile cha mwisho, chenye petali ambayo mgeni ataiona kwanza.

Ipo pia CD isiyo na jina inayokuja ndani ya boksi, leseni imeshafunguliwa na mtu mwema usiyemjua. Kinga ya virusi itapiga kelele. Maelekezo, kwa Kiingereza cha kukisia, yatasema uizime. Izime basi, kisha uwashe mota inayozunguka mara 24,000 kwa dakika kwa amri ya faili usilojua lilikotoka, huku vidole vyako vikiwa sentimita chache kutoka kwenye kisu. Umeokoa dola 175.

Anayetaka bure ya heshima kuna LinuxCNC. Mizizi yake ni mradi wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, wa miaka ya 1990, na leo iko chini ya leseni huria. Ina uwezo wa kuendesha mashine ambazo hutakaa umiliki. Lakini kwanza inataka kujua kama kompyuta yako inaweza kutunza ahadi. Unafungua jaribio la ucheleweshaji, unafungua na madirisha ya gia za rangi zinazozunguka ili kuitesa kompyuta, kisha unakaa kutazama namba ya nanosekunde. Chini ya 20,000 unashangilia. Unapeleka kipanya pembeni, namba inaruka, huzuni inaingia. Kuna wanaume wazima waliofanya hivi hadi alfajiri na hawajakata hata ubao mmoja, na ukiwauliza watakwambia mashine iko vizuri sana.

Usichanganye, tafadhali, programu ya kuendesha na ile ya kuchorea njia za kisu. Fusion 360 ya bure kwa matumizi binafsi iliondolewa mwendo wa haraka mwaka 2020: kisu kikinyanyuka hewani kinatembea kwa kasi ileile ya kukatia, kana kwamba hewa nayo ni mkongo. Watu walilia, wakatafuta mbinu, na wengine wakaenda kulipia programu ya kuendesha mashine, ambayo haihusiki kabisa.

Sasa uamuzi. Kama una wateja wanaokupigia simu kuuliza kazi zao, na mashine yako inategemea kompyuta kwa mapigo, lipa leo hii na uongeze kisanduku cha kutoa mapigo cha USB au Etheneti, uachane na maonyesho ya Kariakoo. Kama una 3018 na hamu tu, usilipe hata senti. Na kabla ya yote funga swichi za mwisho na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi stepa mota hazikumbuki zilipokuwa, na leseni ya dola 200 haikumbuki zaidi kuliko ya bure. Swichi za bei ya soda chache ndizo zinazoirudisha sifuri yako mahali pake. Lakini swichi hazina sura nzuri kwenye skrini, ndiyo maana hazijadiliwi.

Ukishalipa, hilo neno "leseni" lisiingie nyumbani. Sema ni vipuri. Mama watoto atauliza, "Baba Zawadi, vipuri gani hivi vya dola 200 ambavyo havionekani?" Mwonyeshe kitufe chekundu cha dharura, ni kikubwa na kinaonekana ghali. Usimwambie kilikuja na mashine.