Nimenunua Hoteli

Jamani, mke wangu kanuna. Nilitumwa Kariakoo kununua chandarua, nimerudi na picha ya hoteli. Ya kale, imepauka, fremu imeliwa na mchwa. Muuzaji alinishika mkono: "Braza, hii antiki." Antiki ni kitu gani, mimi nitajuaje? Lakini mtu akikupa neno zito huku kakukazia macho, unakataaje? Nikatoa hela.

"Wenzako wananunua viwanja," mama watoto akasema. "Wewe umenunua hoteli. Haya, tuingie tukalale, humo hamna mbu."

Nikaihamishia kijiweni, kwenye kahawa. Ghorofa, varanda za mbao juu na chini, minazi pembeni, jina hamna. Kelele zikaanza. Kijana wa bodaboda akaapa ni Norfolk, ile ya Nairobi iliyofunguliwa 1904. Mzee wetu mmoja akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kwenye suruali yangu, si yake. "Nairobi minazi umeiona wapi wewe?" Kwa mzee, hiyo ni Kaiserhof, hoteli ya Wajerumani, pale hoteli ya New Africa ilipo leo, hapa Dar. Waingereza wameuteka mji 1916, jina la Kaiser lingebaki kufanya nini? Jamaa wa Unguja naye akaja juu, ati ni ya kwao, sisi watu wa bara tumezoea kudandia vya watu.

"Geuzeni nyuma, tutazame mhuri," mzee akaamuru. Ati zamani postikadi zilikuwa na wenyewe: Unguja akina Gomes, Dar Mjerumani Dobbertin. Tukageuza. Mhuri hamna. Kuna hesabu ya penseli: unga, sukari, mafuta ya taa. Jumla imekosewa.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa mhudumu. Kanzu nyeupe, sinia mkononi, uso umekuwa moshi mtupu. Mzee akasema kamera za enzi hizo zilikuwa nzito kukamata, ukitikisika umepotea. Wazungu waliojinyoosha vitini wanaonekana mpaka vifungo vya koti. Anayewahudumia ndiye kafutika! Roho iliniuma, halafu muuza kahawa akaniletea bili ya kijiwe kizima. Eti mwenye hoteli ndiye mwenye wageni.

Nikaitundika sebuleni. Msumari ukabomoa plasta, tofali likachungulia. Jioni mwenye nyumba kaja kudai kodi. Kaiona. Kasimama, kavaa miwani. "Kumbe kwenu mlikuwa na hoteli?" Sasa nami, tangu nizaliwe, nani amewahi kunitazama kwa heshima namna ile? Nikakohoa kidogo. Nikasema, "Ah, mambo ya wazee hayo."

Akaniamkia vizuri wakati wa kuondoka. Asubuhi kijana wake kaleta barua: kuanzia mwezi ujao kodi imepanda, na plasta nirudishie.