Jinsi ya Kununua Boti Iliyokunywa Maji

Maji yaliyo nje ya boti hayana neno, ndiyo yanayoibeba. Ukienda kutazama boti nyembamba iliyotumika katika mifereji ya Uingereza, yatafute yaliyo ndani. Muuzaji ameshakutangulia. Amefuta kuta, amepaka rangi mbichi chini ya madirisha, amewasha jiko la kuni, na kahawa iko tayari. Kunywa kahawa. Mshukuru. Kisha mwombe akufungulie sakafu.

Nawaandikia hasa ndugu zetu walioko London, Birmingham na Leicester, ambao kodi ya nyumba imewakaba koo. Wamepita kando ya mfereji wakaona boti ndefu ya kijani na nyekundu, bomba linafuka moshi, maua juu ya paa, na bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuitamka bila kukaa chini. Naitetea ndoto hiyo kwa moyo wangu wote. Ni makao ya heshima, na majirani wa mfereji husaidiana kuliko wa maghorofa. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akitoa akiba ya miaka mingi kwa boti iliyooza chini ya miguu yake, ilhali saa mbili za kuinama na kunusa zingemwokoa.

Kwanza ujue unachonunua. Katika karne ya 18 wahandisi wa mifereji, James Brindley akiwa mbele yao, walijenga malango ya kupandishia na kushushia boti yenye upana wa futi 7 tu katika njia nyingi za katikati ya Uingereza. Kwa hiyo boti nazo zikabaki na upana wa futi 6 na inchi 10 hivi, yaani kama mita 2.1, huku urefu ukiweza kufika futi 70. Za leo karibu zote ni za chuma. Muuzaji atakutajia namba tatu kwa fahari: kumi, sita, nne. Maana yake ni bamba la chini la milimita 10, mbavu za milimita 6, na kuta za chumba za milimita 4. Zipokee, lakini kumbuka kwamba huo ni unene wa siku boti ilipozaliwa. Wewe unanunua unene wa leo.

Chagua siku ya mvua, Uingereza haitakunyima. Fika mapema kidogo kuliko mlivyopatana, kabla chumba hakijapata joto, na uanze kazi kwa pua. Fungua makabati ya chini na uingize kichwa chote. Vuta droo za chini ya kitanda. Ukungu una harufu yake, mbao zilizolowa zina yake, na dizeli iliyochanganyika na maji machafu haifichiki. Mishumaa ya manukato ikiwaka katika kila chumba saa nne asubuhi, uliza kulikoni. Pua yako haikulipwa na dalali, iamini.

Kisha tumia kidole. Bonyeza ukuta chini ya kila pembe ya dirisha, kwa sababu fremu za madirisha huvuja kabla ya kitu kingine chochote. Plaiwudi nzima inagoma. Iliyokunywa maji inabonyea, au matabaka yake yameanza kuachana. Tazama juu pia, kuzunguka matundu ya hewa ya paani. Ukuta mmoja ukiwa na rangi mpya na mingine mitatu ina ya zamani, simama hapo. Na usidhani kila unyevu umetoka kwa mvua. Watu wawili wakilala, wakipika na kuchemsha maji ndani ya sanduku la chuma wakati wa baridi, mvuke wao hugeuka matone kwenye chuma baridi nyuma ya ubao na kuteremka polepole usiku kucha. Uliza kilichojazwa kati ya ubao na chuma. Povu lililopulizwa na kuganda kwenye chuma ndilo bora. Sufi ya madini hunyonya maji na kuporomoka. Mabamba meupe ya polisitirini hayapatani na ganda la nyaya za umeme: yakigusana kwa miaka, ganda hugeuka gumu na kupasuka.

Sasa sakafu. Hapa usiwe na haraka, hata muuzaji akitazama saa.

Chini ya mbao unazokanyaga kuna uwazi, na katika uwazi huo kuna tani kadhaa za matofali, vibamba vya zege au vyuma vizito, vilivyopangwa ili boti ikae chini majini na isiyumbe. Mara nyingi vimelazwa juu ya bamba la chini bila nafasi ya hewa. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Hujibana kati ya tofali na chuma na kula taratibu, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo hakuna jicho wala burashi inayofika. Kwa nje, mwenye boti makini huipandisha chelezoni kila baada ya miaka miwili au mitatu na kuipaka lami upya, kazi ileile ambayo shahamu hufanya kwa majahazi ya pwani yetu. Kwa ndani, chini ya matofali, pengine hakuna aliyepaka kitu tangu boti ilipojengwa. Kikulacho ki nguoni mwako: boti nyingi za chuma zina mbavu nzuri nje, na ugonjwa wote uko ngamani, chini ya sakafu.

Boti hizi hukaa zikiwa zimelalia tezini kidogo, kwa kuwa injini iko nyuma. Hivyo maji yaliyomwagika popote, tangu omo kule mbele, huteremka hadi nyuma ya chumba na kusimama kwenye ukuta unaokitenga na injini. Hapo ndipo boti yenye mwenyewe mwaminifu huwa na kifuniko kidogo sakafuni. Kifungue. Mulika tochi, kisha shusha mkono wenye karatasi ya jikoni na uifute chini kabisa. Vumbi kavu ni habari njema kuliko jiko jipya. Karatasi ikirudi imelowa, anza kutafuta chanzo. Ikiwa kifuniko hakipo, omba ruhusa ya kukatiwa kimoja, kwa gharama yako na kwa fundi mtakayekubaliana naye. Ombi hilo peke yake litakufunza mengi kuhusu unayezungumza naye.

Kuna jaribio moja ambalo halina gharama na halikosi kusema kitu. Washa pampu ya maji ya bomba, subiri inyamaze, hakikisha kila bomba limefungwa, kisha tulia. Usizungumze. Pampu ikiunguruma yenyewe baada ya dakika chache, ujue maji yanatoka mahali fulani bila mtu kuyaita: kwenye kiungo cha bomba, kwenye tangi la maji moto, au ukutani nyuma ya bafu. Huo uvujaji mdogo, wa kijiko kwa kijiko, ndio unaojaza ngama. Tazama pia tangi la maji safi lililoko omo. Katika boti nyingi si tangi la kuwekwa. Ni sehemu ya mwili wenyewe wa boti, kwa hiyo kutu yake ndiyo kutu ya boti. Fungua mfuniko na umulike.

Utakapoona kutu, usizimie na usijifariji. Kutu huchukua nafasi kubwa mara nyingi kuliko chuma kilichoizaa, hivyo ganda nene linalobanduka vipande vipande linaweza kuwa limekula kidogo tu. Kwa upande wa pili, kishimo chembamba kinachoingia ncha ya kalamu kinaweza kuwa kimebakisha unene wa shilingi. Jicho halipimi chuma. Kipimo cha mawimbi ya sauti ndicho kinachopima, na tutakifikia.

Kabla ya hapo, jiulize kama boti hii imewahi kuzama. Zinazama, na sababu zinajulikana. Ndani ya lango, karibu na milango ya juu, kuna kizingiti cha zege au jiwe chini ya maji. Boti inaposhushwa ikiwa imerudi nyuma mno, tezi hukaa juu ya kizingiti huku omo ikiendelea kushuka, na ndani ya dakika chache maji yanaingia. Au nahodha amefungua kifuniko cha nyuma ili atoe majani na kamba zilizojisokota kwenye rafadha, akakifunga vibaya na kuwasha injini. Au mahali mhimili wa rafadha unapotokea nje pamedondosha maji msimu mzima, betri imekufa, na pampu ya ngama imenyamaza nayo.

Boti iliyozama huokolewa, hukaushwa, na wakati mwingine huuzwa bila neno. Lakini maji huacha mstari. Utafute ndani ya makabati, nyuma ya droo, nyuma ya friji. Popote ambapo kitambaa cha kusafishia hakikufika. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa na kutu hadi kimo kimoja chumba kizima, na juu ya hapo ving'ae, hapo ndipo maji yalipofika. Fungua soketi moja ya chini uone kama kuna tope laini. Shaba ya nyaya imegeuka kijani? Bawaba zimekwama? Kwenye injini, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Kagua pia stata na alteneta.

Je, boti iliyozama isinunuliwe kabisa? Mimi naona inanunulika kwa masharti. Injini ya dizeli iliyotolewa majini upesi, ikamwagwa oili na kusafishwa mara kadhaa, huweza kufanya kazi kwa miaka. Nyaya za umeme, ubao wa ukutani na sakafu ya plaiwudi havina msamaha huo. Kwa hiyo inunue kama mwili mtupu wa chuma wenye injini ya kujaribiwa, ulipe bei ya hicho tu, na mengine yote uyahesabu kuwa ni ya kutupwa. Na kabla hujajipa moyo kwamba utaikarabati wikiendi, hesabu kazi yenyewe: jikoni kutoka, bafu kutoka, kitanda, mbao, kisha yale matofali yote, moja moja, kwa mkono, kupitia mlango usiotosha watu wawili. Ndipo uanze kukwangua kutu.

Muuzaji atakuonyesha cheti cha usalama wa boti. Ni karatasi ya maana, hudumu miaka 4, na inahusu gesi, umeme, mafuta, moto na hewa ya sumu ya ukaa. Tangu 2019 ving'ora vya hewa hiyo vimekuwa vya lazima katika boti zenye vyumba. Lakini cheti hicho hakipimi unene wa chuma hata kidogo. Boti yenye cheti cha juzi inaweza kutoboka kesho. Vivyo hivyo leseni ya Canal & River Trust, taasisi ambayo tangu 2012 inasimamia takriban kilomita 3,200 za mifereji na mito ya Uingereza na Wales: haithibitishi kwamba anayekuuzia ndiye mwenye mali. Dai hati ya mauzo iliyomfikisha yeye, na risiti za chelezo. Kama unapanga kuishi bila gati la kudumu, sheria inakutaka usikae sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, kwa hiyo injini nayo lazima iwe nzima, si pambo.

Uliza boti ilikuwa imefungwa wapi. Iliyokaa miaka gatini ikiwa imechomekwa umeme wa nchi kavu, bila kifaa cha kukata mkondo unaopita kwenye waya wa ardhi, huliwa chuma chake kupitia boti za jirani. Vipande vya magneziamu vinavyochomelewa ubavuni ili viliwe badala ya chuma vitakuwa vimekwisha kabisa, na baada ya hapo zamu ilikuwa ya mwili wenyewe.

Yote haya umeyafanya ili uamue kama inafaa kumwita mkaguzi. Mkaguzi ni wako: umtafute mwenyewe, umlipe mwenyewe, wala asiwe yule ambaye dalali ana namba yake mfukoni. Boti ipandishwe chelezoni au iinuliwe kwa winchi, lami ikwanguliwe sehemu nyingi, nyundo igonge, na kipimo cha mawimbi ya sauti kipite tangu omo hadi tezi. Mkaguzi akipata chini ya milimita 4, kampuni nyingi za bima hazitakukubalia bima kamili mpaka bamba jipya lichomelewe juu ya la zamani. Boti ikiwa imeshavishwa bamba hilo, uliza nani alilichomelea na lini. Bamba huongeza uzito, boti hukaa chini zaidi majini, na matundu ya kutolea maji ya ubavuni husogea karibu na uso wa mfereji. Malipo ya awali yaandikwe kwamba yatarudishwa ikiwa ripoti haikuridhishi. Yaandikwe, isiwe ahadi ya mdomo kando ya maji.

Gharama ya mkaguzi na chelezo itakuuma siku hiyo. Ilipe hata hivyo, hata kama boti ni nzuri na hukupata dosari yoyote, kwa maana bamba la chini likioza halina kiraka cha bei nafuu.

Boti zinazouzwa katika mifereji ya Uingereza ni nyingi na hazitakwisha wiki hii. Muuzaji akikataa sakafu isifunguliwe, au akikataa boti isipandishwe chelezoni kwa fedha zako mwenyewe, mwachie boti yake. Keshakujibu.